Wapi, Lini, Nani

Busia ya miaka ya 1980 ilijulikana kwa malori na magendo. Huku Busia na kule Malaba malori yalipanga foleni kusubiri kuvuka, madereva wakilala chini ya matela, na giza likishaingia, sabuni, sukari na vitenge vilivuka kwa baiskeli kupitia njia za panya. Mgeni akiuliza mji una nini cha kutazamwa, alionyeshwa Uganda. Ndege hawakutajwa na mtu, ingawa walikuwa kila mahali: marabu waliosimama kwenye paa la kichinjio wakisubiri matumbo, kozi wa kijivu kwenye nyaya za simu, yule ndege mwenye mdomo wa manjano anayecheka juu ya miembe mpaka mtoto mchanga anaamka.

Nilizaliwa kati ya miji hiyo miwili, upande wa Alupe. Baba ni Mkhayo, mama ni Mteso wa Amukura, kwa hiyo kila ndege wa nyumbani alikuwa na majina mawili kabla sijaenda shule nikapewa la tatu. Nchi yenyewe wakati ule ilikuwa wazi. Kuanzia Mundika kuelekea Nambale ulikuta mabonde ya nyasi yaliyotota maji nusu ya mwaka, ng'ombe wa ukoo mzima wakichungwa pamoja, na korongo taji wakitembea katikati yao wawili wawili bila haraka.

Sekondari nilimkuta mwalimu wa baiolojia aliyekuwa mlezi wa klabu ya wanyamapori. Vilabu hivyo vilianza nchini mwaka 1968, na jarida lao, Komba, lilitufikia likiwa limechelewa muhula mzima, tukalisoma hadi kurasa zikalegea. Kazi ya klabu ilikuwa kupanda miti, kuandika insha na kwenda mbugani. Miti tulipanda, insha tuliandika. Mbuga ilikuwa mbali, na basi la shule lilikuwa na shughuli nyingine. Mwalimu akatuambia, "Twiga hamtamwona mwaka huu. Tutawaona walio hapa."

Jumamosi alitupeleka Alupe kwa miguu, kwenye viwanja vya hospitali ya zamani ya ukoma. Watu wengi waliogopa kwenda kukata kuni pale, na miti ikapona kwa hofu hiyo. Darubini ilikuwa moja, ikizunguka mkono kwa mkono, kila mtu na zamu yake. Kitabu nacho kilikuwa kimoja, kile cha John G. Williams cha mwaka 1963, ambacho wapenda ndege wa Afrika Mashariki walikitegemea kwa miongo mitatu. Kilikuwa na maandishi ya ndege wengi kuliko picha zake, na waliokosa kuchorwa mara nyingi walikuwa hawa wa kwetu magharibi. Tulijifunza kusoma maelezo kwa sauti, mmoja akisoma, mwingine akitazama: kichwa cheusi, mgongo mweusi, kifua chekundu kama nini sijui. Mwalimu aliandika kwenye daftari la mistari. Juu ya kila ukurasa aliandika mambo matatu kabla ya jina la ndege yeyote: mahali, tarehe, na nani aliona. Tulidhani ni mazoea ya walimu, kama pambizo na kichwa cha habari.

Shida yetu kubwa ilikuwa darubini yenyewe. Mpakani darubini ni ushahidi. Askari mmoja alitukamata karibu na mto akatuuliza tunamchunguza nani ng'ambo. Mwalimu akamjibu kwa heshima, "Afande, tunamchunguza yangeyange," akamwonyesha. Askari akatazama kwa darubini kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia, akatuambia tuondoke, lakini kwanza akauliza kwa nini mdomo wa yule mmoja umegeuka mwekundu. Mwalimu akamweleza kuwa ni majira ya kuzaa. Desemba 1987, polisi wa Kenya na wanajeshi wa Uganda walipofyatuliana risasi hapa Busia na mpaka ukafungwa, darubini ilifungiwa kabatini. Korongo taji waliendelea kulala ng'ambo na kula huku, hakuna aliyewadai kitambulisho.

Lakini mwalimu wangu wa kwanza wa ndege hakuwa na darubini. Kuka, babu mzaa baba, alikuwa mtegaji wa kware. Hii ni kazi ya wanaume wa huku kwetu na ya majirani zetu Wajaluo wa Siaya, na yeyote aliyekulia Butula, Samia au Ugenya ataikumbuka. Mvua ndefu zikianza kupungua na wimbi kukomaa, kware wa porini hufika kwa makundi usiku. Kuka alisimamisha mti mrefu uani, akatundika vizimba vyake vya fito na matete kimoja juu ya kingine, juu hadi shingo ikuume kutazama. Ndani ya kila kizimba kulikuwa na dume mmoja. Kuka aliwalisha wimbi na mchwa, akawapa maji kwa kifuu, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuwagusa, kwa sababu kware aliyeshtushwa hunyamaza, na kware aliyenyamaza ni hasara.

Saa kumi alfajiri wangeanza. Mmoja anatoa mlio mfupi wa kukatika, wa pili anamjibu, kisha mti wote unaita. Huko juu gizani, kware wanaosafiri wanasikia wenzao, wanadhani pana nyasi nzuri na usalama, wanashuka. Kuka alikuwa amefyeka vijia vyembamba nyasini kuuzunguka mti, na kwenye kila kijia ameweka vitanzi vya singa za mkia wa ng'ombe. Kware hapendi kuruka akiwa ameshafika chini. Hutembea, na hutembea pale penye njia. Kulipopambazuka tuliwatoa mmoja mmoja. Wengi walikwenda jikoni au sokoni. Dume aliyeita vizuri hata akiwa mkononi, huyo Kuka alimtenga.

Nilichokichukua kwa Kuka ni hesabu, kuliko hata mtego wenyewe. Alijua mwaka ambao kware walichelewa na kwa nini. Alijua kwamba mbalamwezi ikiwa kali hawashuki wengi. Alijua bonde gani liliacha kuleta kware baada ya kulimwa, na lililimwa na nani. Yote hayo aliyaweka kichwani, na alipofariki yakaondoka naye, isipokuwa machache niliyokuwa nimeyauliza.

Nilifika Nairobi mapema miaka ya 1990 kutafuta kazi, nikapata vibarua, na siku za mapumziko nikaanza kwenda Makumbusho. Mwalimu wangu ndiye aliyeniambia kwamba kuna chama pale, cha zamani kuliko jengo lenyewe. Kilianzishwa mwaka 1909 kwa jina la Chama cha Historia Asilia cha Afrika Mashariki na Uganda. Waanzilishi walikuwa maofisa wa kikoloni, wamisionari na walowezi waliokuwa na vipepeo, mimea na ndege masandukuni na wasijue pa kuviweka. Mwaka uliofuata wakaanza kuchapisha jarida. Jumba lao dogo la kwanza la makumbusho lilifunguliwa miaka hiyohiyo, likaja kuhamishwa, na mwaka 1930 likafunguliwa lile la kilimani lililopewa jina la Gavana Coryndon, ambalo baada ya uhuru likawa Makumbusho ya Taifa. Kwa miaka mingi wa kuwashughulikia ndege alikuwa V. G. L. van Someren, daktari wa meno kwa taaluma na mkusanyaji ndege kwa shauku, na baada ya Vita vya Pili John G. Williams mwenyewe, yule wa kitabu chetu, akawa mtunzaji wa ndege.

Nilitarajia kukuta chama cha Wazungu wazee wakinywa chai. Wazee walikuwepo, na chai pia. Lakini kila Jumatano asubuhi watu walikusanyika pale kwa matembezi ya ndege yaliyoanzishwa mwaka 1971 na Fleur Ng'weno, na kundi nililolikuta lilikuwa na makarani, wanafunzi, mabibi wa mitaa ya Parklands na vijana wasio na kazi kama mimi. Hakukuwa na aliyeuliza umesoma hadi wapi. Ukiona ndege, unasema; ukikosea, jirani yako anakusahihisha na mnaendelea. Vijana wengi wa Kenya ambao leo ni waongozaji watalii au wanasayansi wa ndege waliianzia njia yao Jumatano kama hizo. Chama chenyewe sasa watu hukiita Nature Kenya, na ng'ambo ya mpaka wetu kuna nduguye, Nature Uganda, aliyezaliwa katika chama hichohicho.

Nyuma ya kumbi zinazoonyeshwa umma kuna idara ya ndege. Unaingia, harufu ya nafthalini inakupiga puani, halafu unaona makabati ya chuma yamejipanga ukuta hadi ukuta. Kila kabati lina droo pana zisizo na kina, na kwenye kila droo ndege wamelazwa chali, mabawa yamefungwa, macho ni pamba nyeupe, na miguuni kila mmoja ana lebo. Makumi ya maelfu ya ndege, wengine waliouawa kabla Kenya haijaitwa Kenya. Siku ya kwanza nilishangaa, na sitaficha kwamba nilichukia kidogo: kifo kingi hivi, kwa ajili ya nani?

Aliyenijibu ni fundi wa kuchuna, mzee mtaratibu ambaye vidole vyake vilikuwa na unga daima. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwa basi la usiku nikiwa na kirukanjia aliyegongwa na lori. Ndege hawa hukaa barabarani usiku, lami ikiwa bado na joto, na taa za gari huwapumbaza. Shangazi yangu alikuwa akipeleka mbuta Nairobi ndani ya barafu, kwa hiyo kirukanjia alisafiri na samaki, amefungwa gazetini.

Fundi akamtazama, akauliza, "Ametoka wapi?"

"Barabara ya Malaba."

"Barabara ya Malaba ni ndefu. Wapi?"

Nikamwambia karibu na njia panda ya Alupe.

"Lini?"

"Jana usiku, saa tatu hivi."

"Nani alimwokota?"

"Mimi, Mzee."

"Vizuri. Ungekosa moja kati ya hayo, huyu angekuwa mboga tu. Na mboga yenyewe mbaya."

Akaanza kazi. Alimlaza chali, akapuliza manyoya ya tumbo yakagawanyika, akakata ngozi peke yake kutoka mfupa wa kifua hadi karibu na mkia, bila kugusa nyama. Kila alipoona unyevu alinyunyiza unga wa mahindi, ule ule wa ugali, unyonye damu na mafuta yasichafue manyoya. Alisukuma magoti ndani moja moja akayakata, akakata mzizi wa mkia, kisha akaivuta ngozi juu ya mwili kama anayevua soksi, hadi mabegani, hadi fuvuni. Ngozi ya kirukanjia ni nyembamba mno, na hapo fundi aliacha kuongea kabisa. Alitoa macho na ubongo, akapaka dawa ya kuzuia wadudu, akaviringisha pamba kwenye kijiti kuwa shingo na mwili mpya, akaigeuza ngozi irudi upande wake. Alipomshona na kulainisha manyoya kwa brashi, kirukanjia alikuwa mzima wa kutazamwa, na mwili wenyewe uko kando kwenye sahani. Akaupasua huo mwili kuona kama ni dume au jike, akafungua tumbo: nondo na mabawa ya mbawakawa. Hayo pia yakaandikwa. Lebo ikafungwa miguuni kwa uzi, wino usiofutika, na jina langu likiwa kwenye mstari wa mkusanyaji.

Kisha akafungua droo ya virukanjia. Wapo wa namna nyingi, wote rangi ya majani makavu, na mtu hawezi kuwatofautisha wakiwa wamekaa barabarani. Fundi alikunjua bawa la wangu kidogo, akaonyesha mahali alama nyeupe ilipokaa kwenye manyoya marefu, akaliweka kando ya bawa la yule wa droo, halafu la mwingine, halafu la wa tatu, mpaka tulipopata anayelingana. Hapo nikaelewa droo ile ni ya nini. Vitabu vyote tulivyobeba Alupe vilichorwa na kuandikwa na watu waliokaa mbele ya droo kama hizi. Tena ndege aliyechunwa zamani hujibu maswali ambayo aliyemchuna hakuwahi kuyawaza: alikuwa akila nini kabla ya dawa za mashambani, aliishi wapi kabla ya mji kufika. Hujibu lakini kwa sharti moja, ile lebo.

Kuanzia hapo nikawa natafuta kwetu kwenye lebo. Ndipo nilipojifunza kwamba kwetu kumekuwa na majina na serikali nyingi. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda wakauunganisha na Himaya ya Afrika Mashariki. Kwa hesabu za serikali, ndege aliyechunwa Mumias mwaka 1900 alikuwa wa Uganda. Watu walikuwa walewale, na ndege pia. Kwingine lebo ilisema "Kavirondo" tu, neno ambalo mkoloni alilitandaza kuanzia ziwani hadi vilima vya Elgon, na fundi wangu asingelikubali.

Mkusanyaji mkubwa wa mwanzo alikuwa Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa chama na kisha gavana wa Uganda. Kisa chake ni cha kwetu kabisa. Mwishoni mwa 1889 alifika Mumias na msafara wa Kampuni ya Kiingereza, akapokelewa kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Barua zikamfikia kutoka kwa Kabaka Mwanga wa Buganda zikiomba msaada. Jackson alikuwa na amri ya kutoingia Uganda, akaondoka kwenda kaskazini, upande wa Elgon, kutafuta pembe na ndege. Mapema 1890 Mjerumani Carl Peters akafika Mumias, akafungua barua zisizokuwa zake, akasoma, akakimbilia Mengo kutia sahihi mkataba na Mwanga. Jackson aliporudi alikuta mwenzake ameshapita. Mkataba wa Peters ulibatilishwa mwaka huohuo na wakubwa wao huko Ulaya, na ndege wa Jackson wakapelekwa London kwa Bowdler Sharpe, aliyewapa wengine majina, mmoja wao kwera mweusi wa nyanda za juu mwenye mkia mrefu anayeitwa kwa jina la Jackson hadi leo. Kitabu chake kikubwa cha ndege wa Kenya na Uganda kilitoka mwaka 1938, miaka tisa baada ya kifo chake.

Nilipokuwa nikisimuliwa hayo maktabani nilimfikiria Kuka na watu wa aina yake. Msafara wa Jackson haukujua bonde lipi lina nini. Kuna watu waliowaonyesha njia, waliotega, waliobeba, waliochuna usiku kwa taa. Lebo ina mstari mmoja wa mkusanyaji, na mstari huo ulijazwa jina la mwenye bunduki.

Katikati ya miaka ya 1990 idara ya ndege ilipeleka watafiti Busia kumtafuta mbayuwayu buluu, nami nikapata kazi ya kuongoza njia. Huyu ni ndege adimu duniani. Huzaa kusini, kwenye nyasi za milimani kuanzia Afrika Kusini hadi nyanda za kusini mwa Tanzania, akijenga kiota mara nyingi kwenye paa la shimo la muhanga, na kunapoingia baridi huko husafiri kuja kukaa kwenye nyasi zilizo karibu na Ziwa Viktoria. Kenya alikuwa akipatikana sehemu mbili za kutegemewa: Ruma, kule Homa Bay, ambako kuna hifadhi ya taifa, na Busia, ambako hakuna.

Watafiti walikuwa na ramani. Nikawapeleka kwa wachungaji. Mvulana mmoja aliyekuwa na ng'ombe bondeni karibu na Mundika alisikiliza maelezo, akasema, "Wale weusi wenye mikia miwili mirefu? Si hao wenye doa jeupe. Wenye mkia wa nyuzi. Wanakuja Juni kukiwa na baridi, wanaondoka kabla ya mvua ya vuli." Aliwatofautisha na mbayuwayu wengine bila kuulizwa, akataja miezi yao ikalingana na ya vitabuni. Tukakaa pale na ng'ombe wake. Jioni jua lilipoinama walikuja, chini kabisa, wakikata juu ya majani na kuzunguka miguu ya ng'ombe wakidaka wadudu walioshtuliwa. Kwa mbali ni weusi. Akigeuka mbele ya mwanga ndipo unaona buluu ya chuma, na zile nyuzi mbili za mkia zikimfuata. Mtafiti aliandika mahali, saa, idadi. Nikamwomba aandike na jina la mvulana. Akalicheka ombi langu kidogo, kisha akaandika.

Mwaka 1999 Leon Bennun na Peter Njoroge walitoa kitabu cha maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya, maeneo 60, na Busia ilitokea humo: nyanda zetu za nyasi, na vilevile dimbwi la mafunjo la Sio Port, anakokaa yule tiva mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye haishi popote pasipo na mafunjo. Tulisherehekea kwa soda. Tulidhani kuandikwa ni kulindwa.

Kitabu hakikuzuia jembe, wala sidhani ningekuwa na haki ya kulizuia. Nyasi zile zilikuwa malisho ya ukoo, na ukoo ulipogawa ardhi na kila mtu kupata hati yake, bonde likawa mashamba ishirini. Mwenye ekari moja na watoto sita hafugi mbayuwayu. Kiwanda cha Mumias kilikuwa kimefungua macho ya watu tangu miaka ya 1970 kwamba muwa ni pesa, na palipokuwa pabichi mno kwa muwa walipitisha mifereji wakapanda mihogo na mahindi. Nyumba zikafuata barabara. Mahali tulipokaa na yule mchungaji pana ploti sasa, na mtu ameweka bango la kuuza. Mumias yenyewe ilikuja kuyumba na kusimama, wakulima wakadai malipo yao miaka na miaka, lakini nyasi hazikurudi. Shamba lililoachwa hugeuka kichaka, na mbayuwayu buluu hahitaji kichaka.

Kware nao walipata msimu wao wa kichaa. Mwaka 2013 uvumi ulienea nchi nzima kwamba mayai yake yanatibu kila kitu, na watu waliokopa benki wakajenga mabanda. Wale walikuwa kware wa Kijapani wa kufugwa, na leseni ilitakiwa kutoka Shirika la Wanyamapori. Mwaka uliofuata soko likaanguka. Mti wa vizimba uani, ambao haukuwahi kuhitaji mkopo, ulikuwa umeshaonekana ushamba, na vijana waliokuwa wakitega wakahamia bodaboda. Mimi simlaumu kijana. Lakini kijana asiyesikia kware alfajiri hatajua siku watakapoacha kuja.

Nilirudi nyumbani, nikawa mwalimu, nikafufua klabu ya shule. Mwaka huohuo wa kichaa cha kware, 2013, ulianzishwa mradi wa ramani ya ndege wa Kenya nzima. Nchi imegawanywa kwa miraba midogo ya dakika tano za latitudo kwa dakika tano za longitudo, kama kilomita tisa kila upande. Unachagua mraba, unaandika kila spishi kwa mpangilio ulivyoziona au kuzisikia, kwa saa mbili kamili au zaidi, na unatuma kwa simu. Huhitaji bunduki wala kirukanjia wa barabarani. Mraba wa mji wetu umekatwa na mpaka, nusu Kenya nusu Uganda, na ndege anayeonekana akiwa upande huu anaandikwa bila kujali amelala wapi. Askari wa siku hizi hawashangai sana darubini. Wana kituo kimoja cha pamoja cha forodha na mambo mengi ya kufanya.

Daftari za mwalimu wetu wa baiolojia zilikuwa bado kabatini shuleni, zimeliwa pembe na mchwa. Tulizisoma na wanafunzi ukurasa kwa ukurasa. Majina mengine ya ndege yalikuwa na alama ya kuuliza, mengine yamekatwa na kuandikwa upya kwa wino tofauti. Lakini juu ya kila ukurasa mambo yale matatu yalikuwepo, ndiyo maana daftari lina kazi hadi leo: unaweza kusema kwa hakika kwamba bonde hili, mwezi huu, mwaka ule, lilikuwa na korongo taji, na kwamba aliyemwona ni mtoto wa nani. Ndege huyo tangu 2012 anahesabiwa duniani kuwa yuko hatarini kutoweka. Huko kwetu mtu wa miaka hamsini anawakumbuka wakiwa wengi, lakini kumbukumbu ya mdomo ukiipeleka mbele ya ofisi ya mipango ya kaunti inaambiwa ni hadithi. Daftari lenye tarehe hawalikatai haraka.

Wanafunzi waliniuliza kwa nini jina la mwonaji liwepo, kama ndege ni yuleyule. Niliwaambia kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya sayansi: anayetaka kuhakikisha lazima ajue amuulize nani. Ya pili ni yetu. Kwa zaidi ya miaka mia moja ndege wa hapa wameandikwa kwa majina ya watu waliopita njia, na waliokaa nao wakabaki bila mstari. Mstari sasa upo kwenye simu ya kila mtoto, na haulipiwi chochote ila vocha.

Msichana mmoja wa kidato cha pili, mjukuu wa mtegaji wa Butula, aliuliza kama kware aliye kizimbani anaruhusiwa kwenye orodha. Nikamwambia kanuni inataka ndege huru. Akafikiri, akasema, "Mwalimu, huyu babu alimtega jana asubuhi hapa kwetu. Jana alikuwa huru." Nikamwambia basi aandike ya jana, mahali pale, saa ile, na kwenye jina la mwonaji aandike la babu yake.